Bi Tatu Anaaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo na viatu vya kisigino, maana niliambiwa naingia ofisi ya habari ya ukumbi wa sanaa, na mimi nikategemea meza, simu na pengine feni. Mkuu wangu, Jitubhai, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akanipa ndoo iliyojaa uji mzito wa unga wa ngano na brashi ya kupakia chokaa.

"Mabango yako nyuma ya mlango," akasema. "Anza Msimbazi, urudi huku. Jua likipanda, uji unashika mikono badala ya ukuta."

Nilirudi mchana sketi imekauka kama ubao. Sketi ile sikuivaa tena, lakini ndoo nilikaa nayo miaka mingi.

Nawaandikia nyinyi mliobaki katika ofisi ile, mnaobandika mabango kwa kidole kimoja kwenye simu huku mmekaa. Siwaonei wivu wala siwalaumu. Nataka tu mjue kiti mlichokirithi kilikuwa cha nani. Tena tangu nistaafu mmeniuliza mara kadhaa kuhusu Bi Tatu, na kila mara nimewajibu kwa mzaha nikabadilisha mazungumzo. Nitawaambia, ila niacheni nifike kwa mwendo wangu.

Jitubhai alikuwa mkuu wa habari wa ukumbi wetu. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa katika duka la baba yake, hapo hapo Mchafukoge ulipo ukumbi, na wino haukuwahi kumtoka kwenye kucha. Jioni alipiga tabla nyumbani kwao, mkewe akilalamika na majirani wakimsifu. Aliamini kwamba mtu asiyejua kuimba wala kupiga chochote hana haki ya kuuza muziki. Nilipomwambia kwamba nilikulia kwenye kwaya ya Kilutheri, sauti ya pili, alifikiri kidogo kisha akasema inatosha, sauti ya pili inajua kusikiliza.

Alinifundisha kuandika bango kwa maneno manne. "Kariakoo hakuna mtu aliyesimama," alisema. "Bango linasomwa na mtu mwenye mzigo kichwani, na nyuma yake kuna mwenye mkokoteni anampigia kelele apishe. Neno la tano utalisoma mwenyewe." Nimewaona wasomi wakilia machozi wakijaribu kupunguza tangazo lao lifike maneno manne. Na mimi nililia.

Baba yangu alikuwa na duka la jumla la sufuria Kariakoo, na kazi yangu ilimtia unyonge. Sisi Wachaga tuna sifa zetu, mnazijua, watani wetu hawatuachi tuzisahau. "Ndeshi," aliniambia siku moja mbele ya wateja, "mimi nauza kitu mtu anakigonga, anakisikia kinalia, anakibeba. Wewe unauza nini?" Nikamwambia nauza kitu mtu anakisikia kinalia. Wateja wakacheka. Yeye hakucheka, lakini tangu siku hiyo aliniruhusu nibandike bango moja kwenye mlango wa duka.

Ukumbi wetu ulikuwa wa taarab asilia kwanza, ile ya ala za nyuzi, kanuni, udi na fidla, ambayo watu wanakaa chini na kusikiliza neno. Kwaya zilikuja, ngoma zilikuja, na mara moja tulipata Wazungu wanne wenye fidla mbili, moja kubwa kidogo, na nyingine kubwa zaidi ya kubana kwa magoti. Barua yao ilisema ni muziki wa klasiki. Niliandika hivyo kwenye bango, na siku nzima wauza vitenge waliniuliza Klasiki ni bendi ya wapi na mwimbaji wao ni nani. Nikasema hawana mwimbaji. Wakanipa pole.

Hata hivyo baadhi walikuja. Katikati ya onyesho, pale palipokuwa pa huzuni kabisa na ukumbi umetulia, mama mmoja muuza vitenge aliinuka, akaja mbele kwa madaha, taratibu, mkono juu, akambandika yule wa fidla ya magotini noti kwenye paji la uso. Alikuwa anamtunza, kama anavyotunzwa mwimbaji yeyote aliyemgusa mtu. Mzungu akaruka, upinde ukakwama. Mimi nikataka sakafu inimeze. Jitubhai akanishika mkono. "Mwache," alinong'ona. "Huyo ndiye aliyesikia."

Nimewaeleza hayo ili muelewe tulikuwa tunafanya kazi ya nini. Hatukuwa tukihesabu viti, ingawa wakubwa walitaka tuhesabu. Tulikuwa tukimtafuta yule mama mmoja.

Bi Tatu ndiye aliyekuwa mwimbaji wa kikundi chetu nilipofika, na alikuwa bado ndiye nilipokaribia kuondoka. Alikaa Ilala, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye uwani mpana, pamoja na mpwa wake Zuhura. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye utani mkali, na alipanda jukwaani kama mtu anayeingia jikoni kwake. Kila baada ya onyesho mimi nilimfuata na habari zangu, gazeti gani limekuja, redio gani imerekodi. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Nani kalia?"

Ikawa ndiyo kazi yangu ya pili. Nilikaa pembeni nikitazama nyuso, ili nikampe jibu. "Mama mwenye khanga nyekundu, mstari wa tatu." Akafurahi. Siku ambayo sikuwa na wa kumtaja, alivua hereni zake, nami nilijua nimkodie teksi haraka.

Miaka ikaenda na watu wakapungua. Ukimwambia mtangazaji wa redio taarab, anakupigia ile ya vinanda vya umeme na mipasho. Ukimpelekea mhariri picha ya mpiga kanuni, anakuuliza kama hakuna picha yenye msichana. Jitubhai alifariki katika miaka hiyo. Tulimsindikiza kwa desturi zao za Kihindi, na wapigaji wetu wa taarab walisimama nje wameshika kofia mikononi, hawajui wafanye nini na mikono yao. Nilirithi meza yake. Kwenye droo nilikuta brashi ya chokaa, kavu, na nilikaa pale nikalia mpaka mfagiaji akafika mlangoni, akaniona, akarudi alikotoka.

Sasa Bi Tatu. Sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani vumbi, kisha tukadhani uzee, kisha Zuhura akampeleka hospitali wakaona uvimbe kooni. Daktari hakumficha. Atapasuliwa Jumanne fulani, kitakachoondolewa kitaondoka na sauti, na mpaka siku hiyo azungumze kidogo sana, maana koo lilikuwa limechoka na kilichobaki ndani yake hakijulikani. Alinieleza haya uwani kwake akichambua mchele, kwa kunong'ona, kama anayenisengenyea mtu.

"Nina wimbo mmoja umebaki," alisema. "Nimeutunga mwenyewe. Nataka niuimbe mbele ya watu, Ndeshi. Watu, siyo viti."

"Ukumbi utajaa, mama."

"Usiniapie. Nijazie."

Wapigaji aliwapa sauti ya wimbo kwa kuwagongea mezani na kuwapigia mluzi wa chini. Beti mbili za kwanza aliwaandikia. Wa tatu alikataa. Huo, alisema, atausema siku yenyewe, kwa sababu ndio wenye maana na hataki uchakae mazoezini. Alikuwa hivyo tangu zamani, akiweka neno lake mdomoni mpaka dakika ya mwisho, na waliomjua hawakumsumbua.

Tukapanga Jumapili, alasiri, siku mbili kabla ya kupasuliwa. Nilitaka kuandika anastaafu. Akakunja uso. Kustaafu ni mambo ya ofisini, alisema, yeye ni mtu wa pwani. "Mtu hatoki kwenye nyumba ya watu bila kuaga. Andika naaga." Nikaandika: BI TATU ANAAGA JUMAPILI. Maneno manne. Mahali hapakuhitaji kuandikwa. Nilijua Jitubhai angeguna, na kwa Jitubhai kuguna kulikuwa sifa.

Nilifanya kila nilichokijua. Nilikwenda redio tatu kwa miguu yangu. Niliwabembeleza wahariri. Nilipita maduka ya Kariakoo mlango kwa mlango, nikianza na la baba, ambalo sasa ni la kaka yangu. Na Ijumaa asubuhi nikampa karatasi Mashaka, mwenye gari la matangazo.

Mashaka mnamjua. Gari lake linauza magodoro, linaita watoto kwenye chanjo, linatangaza mechi, na akifa mtu mashuhuri ndilo linalopita kuwaarifu watu. Kila kitu na sauti yake. Ya magodoro inaruka. Ya msiba anaishusha chini kabisa, anaendesha polepole, na nyuma anaweka muziki laini. Alisoma karatasi yangu, akaniamkia vizuri, akaondoka.

Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba neno lile lilimkwaza. Bi Tatu anaaga. Aliona limekaa uchi, halina adabu. Mtu mzima kama yule aage mwenyewe, kama anayefukuzwa? Mtu mzima anaagwa na watu wake. Kwa hiyo kwa heshima yake yote akaligeuza. Akaweka wimbo wa zamani wa Bi Tatu nyuma, wenye kanuni inayodondoka tone tone, akashusha sauti, akaendesha polepole katikati ya Kariakoo: "Ndugu wananchi, Jumapili hii tunamuaga mama yetu mpendwa, Bi Tatu. Tunamuaga Bi Tatu. Nyote mnakaribishwa."

Nani angesikia vile akadhani ni tamasha?

Simu ya kwanza ilikuwa ya kaka. "Ndeshi, pole sana, dada."

"Pole ya nini?"

"Acha hizo. Gari la Mashaka limeshatangaza, Kariakoo nzima inajua. Wenzako washaanza kuchangishana."

Ya pili ilitoka redio, ya tatu kwa mpiga udi wetu, analia. Kwenye makundi ya simu habari ilikuwa imeshavaa picha na mishumaa. Nilimpigia Zuhura hapokei. Nikapanda bodaboda kwenda Ilala, kwa sababu hata mimi, niliyeandika karatasi ile kwa mkono wangu, nilishaanza kuamini.

Uwani palikuwa pamejaa. Wanawake walikuwa wamekuja na mikeka yao, khanga zimefunika vichwa. Wanaume walikuwa barazani wakijadili turubai. Zuhura alikuwa mlangoni analia na kucheka kwa pamoja, akirudia kwa kila anayeingia, "Yupo, jamani, yupo, ingieni mumuone." Na Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mikeka, hai, khanga begani. Kila mwanamke aliyeingia alipiga ukelele, akamkumbatia, akalia upya. Halafu hakuondoka. Alikaa. Ameshafunga genge, ameshaacha watoto kwa jirani, amekuja na mkeka. Atarudi kufanya nini?

Na walikuwa wanasema. Mmoja alisimulia alivyoolewa kwa wimbo wa Bi Tatu. Mwingine, bibi mnene wa Buguruni, alisema mumewe alipomwacha alikaa na kaseti moja mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa gundi, akaendelea. Wengi wao sikuwahi kuwaona ukumbini, na ukumbini nilikuwa nawajua kwa sura. Bi Tatu alisikiliza amewatazama mmoja mmoja. Sijawahi kumwona na uso ule jukwaani.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Mashaka amechanganya maneno. Naenda kusahihisha sasa hivi."

Akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu. "Kaa, mwanangu," alisema kwa ule mnong'ono wake. "Kaa hapa na mimi."

Nilidhani anataka kufarijiwa. Nikambusu mkono. Jitubhai alinifundisha kwamba habari ya uongo isahihishwe kabla haijanywa chai, na hii ilishakunywa na kuongeza. Kichwani nilikuwa nauona ukumbi wa Jumapili mtupu, kwa sababu nani anaenda kumsikiliza marehemu? Nikamwambia, "Nakuja, mama. Nisipowahi, Jumapili hatutakuwa na mtu."

Akaniachia.

Nilimkuta Mashaka Msimbazi. Nilipomweleza alikaa chini ukingoni mwa barabara, mtu mzima yule, akashika kichwa. "Dada, wallahi, niliona 'anaaga' ni kama tunamfukuza," alisema. Sikuwa na muda wa kumgombeza. Nikapanda mbele, nikashika kipaza sauti mwenyewe, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani. Tukaingia katikati ya Kariakoo, tukapita mitaa yote. "Ndugu wananchi, Bi Tatu yu hai. Bi Tatu yu hai na ataimba Jumapili alasiri. Msikose." Watu walicheka, walipiga makofi, wachukuzi waliitikia alhamdulillahi na mizigo vichwani. Moyo ukaanza kunitulia. Kisha tukaingia Ilala. Kule kuna mafundi wa kuchomelea vyuma, mashine zinapiga kelele, nikamwambia Mashaka afungulie sauti yote. Akafungua yote. Tukapita barabara ya nyuma ya kwa Bi Tatu, polepole, nikirudia, nikirudia.

Nilipoingia uwani palikuwa kimya. Wanawake walikuwa wanajifuta nyuso. Yule bibi wa Buguruni alikuwa amelala chali kwenye mkeka, anapepewa.

"Kuna nini?" nilimuuliza Zuhura.

"Ameimba."

"Nani ameimba?"

"Shangazi. Wimbo wake. Wote, dada, mpaka mwisho. Amesema hawa ndio waliokuja."

Bi Tatu alikuwa bado kwenye kigoda. Aliniona. Akajaribu kusema kitu, hakikutoka hata mnong'ono. Akaweka kiganja kooni, akatikisa kichwa, kisha akanitolea neno moja kwa midomo tu, nami nililisoma vizuri. Nimeshaaga.

Jumapili ukumbi ulikuwa na watu, siyo wengi, siyo haba. Wale wa mikeka hawakuja. Walishamwona mzima, wakamshukuru Mungu, wakafungua magenge yao. Nilisimama jukwaani kando yake nikaeleza, na kikundi kikapiga wimbo mpya bila maneno, kanuni ikishika nafasi yake. Gazeti moja liliandika kwamba msanii aliwaangusha mashabiki. Sikuwajibu. Jumanne alipasuliwa, akapona, akaishi miaka mitatu akizungumza kwa macho na viganja. Nilimtembelea kila wiki. Sikuwahi kumuuliza ubeti wa tatu, niliona aibu, na yeye ambaye angeweza kuuandika hakuwahi kuomba kalamu. Siku aliyofariki kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia Mashaka tangazo, naye alilisoma kama lilivyo, neno kwa neno.

Baada ya arobaini Zuhura alinitumia kitu kwenye simu. Msichana wa jirani alirekodi siku ile ya Ijumaa, simu ikiwa imefichwa chini ya khanga, maana msibani huwezi kunyanyua simu hadharani. Nilikaa nacho siku kadhaa kabla sijafungua. Kwanza kuna kikohozi. Kisha anaimba, bila kanuni, bila fidla, sauti imepasuka kama chungu lakini imeshika pale pale inapotakiwa kushika. Ubeti wa kwanza unasikika. Wa pili unasikika, na kwikwi za wanawake zinaanza. Anavuta pumzi aingie wa tatu, na hapo ukuta wa nyuma unapiga kelele: Bi Tatu yu hai. Bi Tatu yu hai na ataimba Jumapili. Msikose. Sauti yangu inakuja, inakaa juu yake, inaondoka polepole, na inapokwisha naye amekwisha.

Nimewafuata wanawake waliokuwepo, hata yule wa Buguruni. Kila mmoja ananipa maneno yake, kwa sababu walikuwa wanalia. Nimeweka vifaa vya masikioni, nimempa fundi wa studio ajaribu kutenganisha sauti. Alinirudishia akasema, mama, huyu anayeimba hatoki, lakini wewe nimekusafisha, unasikika kila neno.